Vikuku vya Marehemu Eucabeth

Kabla sijaendelea, naapa. Yote mnayosoma hapa kila Ijumaa ni kweli tupu, tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Sijatia chumvi, sijatia maji. Atakayenishika na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya wimbi, aje kwangu hapa Manga achukue jogoo wangu mwekundu, yule ninayemwita Chifu kwa sababu hutembea kama aliyetumwa na serikali.

Nimesema. Sasa turudi Ogembo, tulikoachana vibaya.

Mguu wa Purity ulikuwa juu ya kipande cha reli, uani mwa karakana ya Bathsheba. Kikuku cha chuma kilikuwa kimeuzunguka, ncha zake bado zimeachana. Mzee Ogeto alikuwa ameinua nyundo. Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka langoni: "Subiri kwanza."

Alikuwa Lewis, mwana wa pekee wa Bathsheba na mchumba wa Purity.

Bathsheba akageuka. Kijana amejua, akawaza. Nani amemwambia?

"Subiri, mzee," Lewis akasema, akijipenyeza kati ya viti vya plastiki. "Hapo mwanga ni mbaya. Geuka kidogo, hiyo nyundo ionekane."

Akatoa simu.

Bathsheba akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu amzae, alishukuru kwamba mwanawe si mwepesi wa kuelewa mambo.

Kwa aliyechelewa kuanza kusoma: Bathsheba ndiye mwenye Makubwa, karakana ndogo ya mapambo iliyo kwenye ploti ya ukoo wa mumewe, nyuma ya duka la mbolea. Mapambo yenyewe si ya watu waoga. Hereni za mawe ya sabuni zilizochongwa kama magego, mizizi yote. Mkufu wa vichujio vya chai. Pete ya jogoo wa shaba anayefungua mdomo ukikunja kidole. "Ukivaa, Watauliza," imeandikwa juu ya mlango, na kweli watu huuliza, wengine kwa kupiga magoti ili waone vizuri.

Aliianza matangani. Siku alipomzika mumewe, waombolezaji walivunja vikombe vingi, naye badala ya kulia akaokota vishikio vyake na kuvitunga kwenye uzi. Akauvaa mkufu huo hadi kaburini. Watu wakasema amerukwa na akili. Kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi, mke wa mwalimu mkuu akaja kuomba wa kwake.

Mkufu ule wa vishikio hauuzwi. Unaning'inia kwenye msumari ndani ya karakana, na Bathsheba huugusa kila asubuhi kabla ya kugusa nyundo.

Purity aliingia kama msichana wa mauzo. Wazazi wake ni Wakisii, lakini alizaliwa na kukulia Nakuru, na Ekegusii chake kinaishia kwenye salamu. Ana mdomo mtamu na shingo ndefu inayofaa mikufu. Haukupita muda, wateja wakaacha kumwuliza Bathsheba. Walisimama mlangoni, wakamtazama kana kwamba yeye ni pazia, wakauliza, "Purity yupo?"

Kisha jioni moja, wakila ugali, Lewis akasema, "Mama, tukishafunga ndoa, Purity ataendesha Makubwa. Wewe utapumzika."

Bathsheba aliendelea kumega tonge. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yeye aliwajua watu wanaopumzika. Wote walikuwa chini ya migomba, wamewekewa msalaba.

Ndipo akakumbuka ebitinge.

Zamani kwetu, mwanamke akifanyiwa enyangi, ile harusi ya kimila, alifungwa vikuku vya chuma miguuni mbele ya watu. Hivyo ndivyo ebitinge. Havina kifungo, vinapigwa nyundo mguuni vikafungika, na havivuliwi mpaka mume afe. Mwanamke akitoroka navyo akaenda kuishi kwa mwingine, bado ni mke wa yule wa kwanza.

"Hii ni fasheni mpya," Bathsheba alimwambia Purity. "Tunafunga kwa nyundo, tunapiga picha, halafu tunakata. Hakuna mtu Nairobi aliye na kitu kama hiki."

Neno enyangi hakulitaja. Wala hakumwambia kwamba mpiga nyundo, Mzee Ogeto wa Manga, alifiwa na mkewe na amechoka kujipikia.

Vikuku vyenyewe, kama nilivyowaeleza wiki jana, Bathsheba alivirithi kwa mama mkwe wake, marehemu Eucabeth, aliyefariki kwa ugonjwa wa kifua na kuzikwa katika gauni lake la kijani la kanisani.

Nyundo ikashuka.

Chuma kikalia. Ncha zikakutana. Purity akafumba macho, kisha akafungua moja na kutabasamu kwa ajili ya kamera.

"Safi," Lewis akasema. "Mzee, fanya na mguu wa pili. Nataka video."

"Wa pili nilikuwa nimeukusudia hata kama hungeniambia," Ogeto akamjibu.

Akafunga na wa pili.

Nyuma ya viti, wale kina mama ambao Bathsheba aliwaita waje kuimba wakapiga vigelegele, kisha wakaanza wimbo. Haukuwa wimbo wa fasheni. Wageni wazee waliujua, na wale waliokuwa wakitafuna mandazi wakaacha kutafuna.

Kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa Anyona, mzee wa kanisa la Sabato, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Bathsheba. Bathsheba mwenyewe ndiye aliyemketisha pale na kumpa soda. Anyona akasimama, soda ikamwagikia suruali, wala hakuitazama.

"Ogeto. Umefanya nini?"

"Nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Mke. Watu wameona. Wewe umekaa mbele kuliko wote."

Purity akacheka. Aliamini ni sehemu ya maonyesho. Akanyoosha mguu ili watu waone kikuku vizuri, akauzungusha hivi na hivi, na kadiri alivyouzungusha ndivyo alivyoona kwamba anacheka peke yake.

"Mama Lewis," akasema polepole, "naomba msumeno."

"Msumeno umeazimwa," Bathsheba akajibu.

"Nani ameuazima?"

"Jirani."

"Jirani gani?"

"Ninao majirani wengi, mwanangu. Ninaishi vizuri na watu."

Msumeno wa chuma ulikuwa ndani ya gunia la unga wa mawe, kwenye kona ya karakana, ambako Bathsheba aliufukia asubuhi kwa mkono wake.

Lewis bado alikuwa na simu hewani. "Baba mkubwa, acha kuwatisha watu. Hii ni fasheni tu."

"Fasheni mtu huvaa akavua," Anyona akasema. "Hii imefungwa. Nyumba yetu haitapokea mwanamke aliyevaa chuma cha mwanamume aliye hai. Mimi sitasimama kwenye harusi yenu, wala ndugu yangu mmoja hatasimama."

"Lakini si wewe ni mzee wa kanisa?"

"Mimi ni mzee wa kanisa. Miguu yake si ya kanisa."

Lewis akamtazama Purity. Kisha akafanya kile vijana hufanya wakikosa la kufanya, akatazama simu. Humo ndimo alimozama kabisa. Video aliyoitupa mtandaoni dakika ile ilikuwa imekwisha kuzunguka Kisii yote na kuvuka kuingia Nyamira. Watu walikuwa wakimpongeza Mzee Ogeto kwa kupata jiko. Mmoja alikuwa ameandika: "Na huyu kijana anayepiga picha ni mtoto wa bibi arusi?"

"Purity," Lewis akasema, sauti imepungua, "wacha kwanza mambo yatulie."

"Yatulie wapi? Miguuni kwangu?"

"Nakupigia baadaye."

"Lewis, niko hapa. Unanipigia wapi?"

Lakini Lewis alikuwa ameshapita langoni. Aliondoka kwa mwendo wa mtu aliyeitwa na haja, na hakugeuka.

Nataka mjue jinsi Bathsheba alivyojisikia, maana hakuwa na aibu ya kuficha. Alijisikia mwepesi. Alimtazama msichana yule mwenye shingo ndefu, amesimama katikati ya viti kama mbuzi aliyesahauliwa sokoni, akawaza: sasa watauliza kweli.

Purity akamsogelea. Vikuku vikagongana kila alipopiga hatua.

"Ulijua."

"Mimi hutengeneza tu," Bathsheba akasema. "Anayevaa ni mteja."

"Ulinipima miguu kwa mikono yako. Uliniuliza kama panabana."

"Na panabana?"

Purity akatazama langoni. Pale pikipiki ya Mzee Ogeto ilikuwa imefungwa utepe mwekundu. Ogeto alikuwa ameshavaa kofia ya chuma, na ya pili ameishika mkononi kwa adabu, kama mtu aliyemshikia mgeni mwavuli.

Ndipo msichana akafanya jambo ambalo Bathsheba hakuliwazia. Hakulia, wala hakukimbia. Alirudi ndani ya karakana, akavuta ule mlango wa bati, akasukuma komeo. Wote wakalisikia likiingia.

"Purity," Bathsheba akasema kupitia ufa. "Hapo ni kazini kwangu."

"Najua. Nimeingia kazini."

Siku ile ikaisha akiwa ndani. Ya pili ikaisha. Mzee Ogeto alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango na ile kofia ya pili mapajani, akatoa salamu ya asubuhi, "Bwakire, mke wangu." Wauza mboga walimpitishia Purity chakula dirishani, kwenye vyuma, na kila aliyepitisha chakula alimtupia Bathsheba jicho.

Ndani nyundo ilikuwa ikilia.

Hiyo ndiyo iliyomtesa Bathsheba. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya duka la mbolea, akaisikia nyundo yake mwenyewe katika mkono wa mwingine, asijue inapiga nini. Oda za harusi tatu zilikuwa humo ndani. Hereni za magego zilikuwa humo. Mkufu wa vishikio ulikuwa humo, kwenye msumari.

"Unatengeneza nini?" akauliza dirishani.

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Nyoosha mkono."

Bathsheba akanyoosha mkono kati ya vyuma. Purity akamwekea kitu kiganjani, kidogo, cheupe, chenye ua la buluu. Kipande cha kishikio cha kikombe. Kimevunjwa katikati.

"Vingine nitakupa kesho," Purity akasema. "Kimoja kimoja. Uniambie kama panabana."

Bathsheba akakifumba kiganja mpaka kikamkata. Wauza mboga wanasema alilia. Mimi nasema alitoa sauti, na ng'ombe wa jirani akaitikia.

Basi hapo ndipo nilipokuwa nimefika, kalamu mkononi. Nilikuwa nimeshaamua kumvunjia Ogeto ule mlango, nimpakie Purity kwenye pikipiki, wavuke hadi Manga, na nyinyi mbaki mmeshika vifua mpaka Ijumaa. Nilikuwa nikitafuta neno la kishindo cha bati.

Mlango wangu ukagongwa.

Nikafungua. Nje alisimama mwanamke mzee sana, mfupi, fimbo mkono wa kulia, gazeti hili mkono wa kushoto, limekunjwa kwenye ukurasa wangu. Alikuwa amevaa miwani yenye kioo kimoja. Kwa kile kioo kimoja alinitazama kuanzia ndala hadi kipara.

"Ni wewe mwandishi?"

"Ni mimi, magokoro," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. "Karibu."

"Mimi naitwa Eucabeth," akasema. "Mama yake Anyona. Nasikia nilikufa."

Nikamwekea kiti. Hakuketi.

"Nilikufa na nini?"

"Kifua, magokoro."

"Kifua changu kimepanda mlima huu sasa hivi kwa miguu. Na nilizikwa na nini?"

"Na gauni. La kijani. La kanisani."

"Sina gauni la kijani. Maisha yangu yote sijawahi kuwa nalo. Mimi nilienda tu kukaa kwa binti yangu hapa Manga, chini ya njia, miezi hii ya kuchuma chai. Leo nimekwenda kununua chumvi, mwenye duka akapiga ishara ya msalaba. Kwa nini uliniua?"

Nikatafuta uongo mzuri, nikakuta ghala ni tupu.

"Nafasi, magokoro. Gazeti lina nafasi ndogo. Watu wamekuwa wengi kwenye hadithi."

"Watu wamekuwa wengi, ukaniua mimi. Anyona ukamwacha, anayeongea kama redio iliyopotea stesheni."

Alikuwa amenishika barabara. Lakini hakuwa amepanda mlima kwa ajili ya kaburi. Akaweka kidole kwenye gazeti, pale palipoandikwa kwamba Bathsheba alivirithi vikuku.

"Na hili nalo ni uongo. Mtu hurithi kwa aliyekufa. Mimi niko hapa. Nilivivua siku nilipomzika mume wangu Machogu, nikaviweka chini ya sanduku langu la nguo, nikaenda zangu kwa binti yangu. Bathsheba ameingia nyumbani kwangu akafungua sanduku."

Kwa hiyo, wasomaji, naomba sahihisho. Si kurithi. Ni kuiba.

"Mwambie mkwe wangu ni mwerevu sana," Eucabeth akasema. "Alitaka chuma cha kweli ili wazee waamini. Sasa mwulize: chuma hicho ni cha nyumba ya nani?"

Nikakaa mimi kwenye kile kiti.

"Ogeto alileta nyundo tu," akaendelea. "Mtu hamfungi mke kwa chuma cha nyumba ya mwingine. Msichana amefungwa kwa chuma cha Machogu, mbele ya Anyona mwana wa Machogu, kwenye ploti ya Machogu. Amekuwa mke wa nyumba yangu. Andika hivyo." Kisha akaangalia uani. "Na yule ndiye Chifu?"

Nilimkamata mwenyewe. Alinidonoa mara mbili na akapigana kama mwenye haki, lakini kiapo ni kiapo. Eucabeth akamfunga miguu kwa uzi wa kitenge, akamweka kwapani, akapanda bodaboda kuelekea Ogembo. Nauli alisema nitalipa mimi.

Yaliyofuata nimesimuliwa naye, hivyo mkiona lawama mpelekeeni.

Bathsheba alikuwa kwenye ngazi yake, viganja viwili vimejaa vipande vya vishikio, aliposikia jogoo akiwika barabarani. Akainua uso. Mtu wa mwisho aliyetaka kumwona duniani alikuwa akishuka kutoka kwenye bodaboda, mguu mmoja, kisha fimbo, kisha mguu wa pili.

"Mama," Bathsheba akasema. "Mbona hukusema unakuja?"

"Wafu hawasemi. Soma gazeti."

Wakaitwa watu. Anyona akaja mbio na suruali iliyokuwa bado na doa la soda. Lewis akatokea, sijui alikuwa amejificha wapi. Mzee Ogeto akasimama kwa heshima.

Eucabeth akaenda hadi dirishani. "Mwanangu, weka mguu hapa nione."

Purity akapandisha mguu kwenye kizingiti cha dirisha. Bikizee akapitisha kidole kwenye chuma mpaka kikapata pengo dogo.

"Hapa jembe lilinigonga nikiwa na mimba ya babake Lewis." Akainua sketi yake hadi juu ya vifundo. Miguu yote miwili ilikuwa na pete nyeusi kwenye ngozi, pale chuma kilipokaa tangu usichana hadi ujane. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ngozi ilikuwa imesema.

"Anyona. Chuma hiki ni cha nani?"

Yule aliyekuwa akiongea kama redio akazimika. "Ni chako, mama."

"Basi huyu ni mke wa nani?"

"Wa nyumba yako, mama."

Lewis akaruka mbele. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. "Purity, umesikia? Ni nyumba yetu. Hakuna shida tena. Toka tuongee."

"Wewe kaa hapo nje," Purity akasema kutoka ndani, "upige picha. Mwanga ni mzuri."

"Sikusema ni mke wa Lewis," Eucabeth akasema. "Mwanamume anayekimbia nyundo ambayo haikumlenga yeye, nitampa mke wa nini? Nimeoa mimi. Mwanamke mzee kuiolea nyumba yake mkwe si jambo geni kwetu, Anyona atawaeleza, anapenda kueleza. Na mke hupewa nyumba. Ploti hii ni ya Machogu, na mimi ndimi mjane wake. Nyumba ninayompa ndiyo hii aliyojifungia."

Bathsheba akasikia maneno hayo, lakini yalichukua muda kuingia, kama maji kwenye udongo mkavu.

"Mama. Hiyo ni karakana yangu."

"Karakana ni ya mke wa nyumba. Nyinyi sasa ni wakwe zangu wawili, mko sawa. Mkae kwa upendo. Akitaka, atakupa kazi." Akageukia dirisha. "Lakini mimi si kama yeye, mwanangu. Mimi nauliza kwanza. Ukikubali chuma, nyumba ni yako na vilivyomo. Ukikikata, uko huru, nenda kwenu Nakuru, na huyu abaki na Makubwa yake. Unao msumeno?"

"Ninao," Purity akasema. "Niliupata kwenye gunia la unga wa mawe, usiku wa kwanza."

Akauinua, wakauona. Siku zote zile alikuwa nao.

Bathsheba akapiga magoti. Aliyemfunga msichana ndiye sasa aliyeshika vyuma vya dirisha na kusihi afunguliwe.

"Kata, mwanangu. Kata tu. Nilikosea. Wewe ni kijana, una shingo nzuri, utapata kazi popote. Hiki ndicho kitu pekee nilicho nacho. Nilikianza na vikombe vya matanga ya mume wangu."

Purity akauweka msumeno juu ya kikuku. Akauvuta mara moja. Chuma kikalia, unga mwembamba ukaanguka kwenye kizingiti. Bathsheba akaanza kusema asante kabla hajajua kama ni wakati wake.

Msumeno ukasimama.

"Mama Lewis," Purity akasema. "Si uliniambia umeazimwa?"

Bathsheba akaachilia vyuma vya dirisha.

"Ukamrudishie jirani."

Akaupitisha kati ya vyuma, akamwekea mapajani, juu ya vile vipande vya vishikio. Kisha komeo likavutwa, mlango wa bati ukafunguka, na msichana akasimama kizingitini, vikuku vyake miguuni, mikono kiunoni, chini ya yale maneno ya Ukivaa, Watauliza.

"Kesho tunafungua mapema," akasema. "Mama Lewis, wewe utafagia."

Watu walianza kuondoka. Aliyebaki ni Mzee Ogeto, kofia ya chuma kichwani na nyingine mkononi, kama mtu aliyefika stendi akakuta gari limeondoka.

"Na mimi?" akamwuliza Eucabeth. "Nimeacha viazi vyangu bila palizi. Nimekaa kwenye kiti kile mpaka mgongo ukashika umbo lake. Nirudi mikono mitupu?"

Eucabeth akafikiri. Akamtazama Bathsheba, mjane, bado amepiga magoti palepale mavumbini. Akaitazama nyundo ya Ogeto. Akatabasamu kwa jino lake moja.

"Chuma cha kwako unacho nyumbani, Ogeto?"

"Ninacho. Cha marehemu."

"Basi usiniulize mimi."

Ogeto akachuchumaa taratibu, magoti yakimlia. Akaipangusa ile kofia ya pili kwa kiwiko cha shati, akaiweka chini mbele ya Bathsheba.

"Mama Lewis," akasema kwa upole. "Wewe unavaa kiatu nambari ngapi?"

Mimi jibu silijui bado. Najua tu kwamba leo asubuhi bodaboda amerudi na ujumbe wa mdomo kutoka Ogembo. Wa kwanza: Chifu ameshanyonyolewa mkia, na Purity ametengeneza hereni ndefu nyekundu ambazo wateja wanapigania. Wa pili unatoka kwa Eucabeth. Anasema kila anayekutana naye anamwuliza liko wapi lile gauni lililosifiwa gazetini, na kwa kuwa ni mimi niliyemvisha, nilinunue.

Kwa hiyo leo naishia hapa. Duka la vitambaa linafungwa mapema, na nimeambiwa kijani chenyewe kiwe cha kanisani.